Mtoto Achelewaye Kusoma, na Baraza la Waalimu Wake

Twaandika habari hii kwa sababu jamaa zetu wengi waliotoka Kongo na kukaa Marekani wametuuliza juu yake, nasi kila mara tumewajibu kwa maneno machache mlangoni au njiani, nayo si habari ya kumalizwa njiani. Ni habari ya watoto ambao wana akili zao na moyo wao, lakini kujifunza kwao si sawa na kwa wenzao. Mwingine herufi hazitulii mbele ya macho yake. Mwingine hesabu humpotea. Mwingine hawezi kukaa kitako hata robo saa. Katika shule za serikali za Marekani mtoto wa namna hii huandikiwa mpango wake peke yake, wa mwaka mzima, na waalimu huutaja kwa herufi tatu tu, I, E na P. Mpango huo hufanywa katika baraza, na katika baraza hilo baba na mama wana kiti chao kwa sheria. Wengi hawajui kwamba kiti hicho ni chao, na kwa kutojua hukaa kama wageni walioalikwa kutazama.

Sisi tu wazazi wa watoto wanne. Asili yetu ni Fizi, Kivu ya Kusini. Tulikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, na watoto wetu wote walizaliwa humo. Mtoto wa tatu, mwanamume, alikuwa na miaka 9 tulipofika Marekani. Yeye ndiye mwenye habari hii. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa atakua, na ni haki yake kuamua mwenyewe nani ajue mambo yake.

Mtoto huyu alichelewa kusema. Ndugu zake wakiwa na miaka mitatu walisimulia hadithi. Yeye katika umri ule alionyesha kwa kidole. Baadaye, ukimtuma mambo mawili, la pili lilipotea njiani: alileta maji, chumvi asilete. Walakini alijua kuku wa kila jirani kwa rangi yake, na redio iliyokufa aliifungua yote akaifunga tena asibakize parafujo hata moja. Katika shule ya kambini, ambako watoto wa Kikongo walifundishwa kwa Kifaransa kwa utaratibu wa kwao, alikaa miaka mitatu asiweze kuandika jina lake lote.

Tulipofika Marekani alitiwa katika darasa la watoto wa umri wake, akapewa na mafundisho ya Kiingereza. Mwaka wa kwanza ukapita. Dada yake alikuwa akisoma vitabu. Yeye bado alichanganya herufi b na d. Tukauliza shuleni, tukajibiwa kwa upole, “Ni lugha tu, ngojeni.” Mwaka wa pili tukauliza tena, na jibu likawa lile lile. Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, na tumbo hilo lilipona kila Ijumaa jioni.

Neno lile “ngojeni” lina ukweli ndani yake, na lina hatari pia. Yatupasa kuupima kila upande. Ukweli wake ni huu: sheria ya Marekani yakataza kumhesabu mtoto kuwa mwenye ulemavu ikiwa sababu kubwa ya kushindwa kwake ni kutojua Kiingereza, au kutofundishwa vema kusoma na kuhesabu. Katazo hilo lina asili yake. Zamani watoto wa wageni walipimwa akili kwa lugha wasiyoijua, kisha wakawekwa katika madarasa ya wale walioitwa wapungufu wa akili. Mwaka 1970, katika jimbo la California, shauri la watoto wasemao Kihispania waliotendewa hivyo lilifikishwa kortini, na mapatano yaliyopatikana yakawa mwanzo wa kupima watoto kwa lugha zao wenyewe. Basi mwalimu asemaye “ngojeni” huenda akawa anamlinda mtoto.

Lakini lugha haiwezi kuwa jibu la kila swali. Mtoto wetu hakuchelewa katika Kiingereza tu. Alikuwa amechelewa katika Kibembe cha nyanya yake, na katika Kiswahili cha kambini, na katika Kifaransa cha shule. Jambo hili mwalimu wa Marekani hawezi kulijua, maana hakuwako. Shahidi wa miaka ile ni mzazi peke yake, naye akinyamaza, ushahidi umekufa. Kwa hiyo tulisema, “Lugha nne zimempita mtoto huyu kwa njia moja. Tafadhali mtazameni.”

Hapo mama mmoja Mkongo, ambaye mwanawe alikuwa na mpango kabla ya wetu, akatuambia, “Ndugu zangu, neno la mdomo huchukuliwa na upepo. Andikeni.” Tukaandika barua fupi. Tuliweka tarehe, jina la mtoto na darasa lake. Tukaeleza mambo matano tuliyoyaona tangu utoto wake. Tukaomba apimwe katika kila jambo linalohusu kujifunza kwake. Tukatia sahihi zetu, tukajiwekea nakala. Barua ya namna hii ina nguvu. Shule yaweza kukubali au kukataa, lakini ikikataa, sheria yaitaka itoe sababu zake kwa maandishi. Ikikubali, haiwezi kumpima mtoto kwa mara ya kwanza mpaka mzazi atie sahihi kwamba ameridhia. Tangu siku hiyo ina siku 60 za kumaliza kupima, isipokuwa jimbo limeweka hesabu yake lenyewe. Na akionekana kwamba ahitaji msaada, baraza la kufanya mpango lisipitishe siku 30.

Tuseme kidogo asili ya sheria hii, maana wengine hudhani ni hisani ya shule, na hisani huombwa kwa kupiga magoti. Zamani shule nyingi za Marekani ziliwafungia mlango watoto wenye ulemavu. Wazazi ndio walioanza kugombea. Katika jimbo la Pennsylvania na katika mji wa Washington walikwenda kortini, na mwaka 1972 mahakama zikawapa haki. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria ya nchi nzima. Wakati huo Baraza Kuu la nchi hiyo lilikadiria kwamba watoto zaidi ya milioni 1 wenye ulemavu walikuwa nje ya shule kabisa, na kwamba zaidi ya nusu ya wote waliokuwako hawakupata mafundisho yaliyowafaa. Sheria hiyo ilipewa jina jipya mwaka 1990, ikatengenezwa tena mwaka 2004. Yawahusu watoto tangu miaka 3 hata 21, nayo haiulizi mzazi alizaliwa wapi. Katika mwaka wa masomo wa 2022–23 watoto waliosaidiwa chini yake walipata milioni 7.5, yaani kama 15 katika kila wanafunzi 100 wa shule za serikali. Basi mzazi asidhani kwamba mtoto wake ni kioja cha peke yake.

Tukirudi kwa mtoto wetu, siku ya kupimwa alikuja mkalimani, bwana wa pwani, mtu wa adabu na Kiswahili safi. Mtoto akaonyeshwa picha ya baisikeli, akasema, “Kinga.” Akaonyeshwa kalamu ya risasi, akasema, “Krayoni.” Mkalimani akatikisa kichwa, na mpimaji akaandika kosa, na kosa la pili. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, akaomba ruhusa, akasema, “Kwetu Kongo, kinga ndiyo baisikeli, na krayoni tumeipata katika Kifaransa.” Mpimaji akafuta, akashukuru, akaomba tumwandikie maneno mengine ya namna hiyo. Sheria yataka mtoto apimwe kwa lugha anayoijua, ila ikiwa haiwezekani kabisa, na yakataza kumhukumu kwa kipimo kimoja peke yake. Lakini “Kiswahili” ni jina la nyumba yenye vyumba vingi. Mzazi ataje mapema ni Kiswahili cha wapi mtoto wake anachosema.

Hatimaye tuliitwa barazani. Kwa sheria baraza hilo lina wazazi. Mwalimu wa darasa la kawaida, ikiwa mtoto yumo au huenda akawamo. Mwalimu wa watoto wenye mahitaji. Msimamizi mwenye mamlaka ya kuahidi msaada wa shule. Na mtu awezaye kueleza maana ya vipimo. Mtoto naye huingia inapofaa. Mzazi aweza kuja na mtu mwingine amjuaye mtoto. Sisi tulikwenda na yule mama Mkongo.

Mambo matatu yalitokea ambayo twataka kuwasimulia.

La kwanza, mkalimani hakuwako, na waalimu wakapendekeza aitwe binti yetu mkubwa, mwenye miaka 14, atoke darasani aje atafsiri. Tulikataa kwa heshima. Haifai dada abebe mzigo wa kuwaambia wazazi wake udhaifu wa ndugu yake, wala hajui maneno ya wapimaji. Sheria yaitaka shule ifanye kila linalohitajika ili mzazi aelewe yasemwayo, pamoja na kuleta mkalimani. Baraza likaahirishwa juma moja, mkalimani akaja. Hakuna aliyetukasirikia.

La pili, karatasi iliyoandikwa tayari ilisema kwamba mtoto atakaa siku nzima katika chumba cha peke yake pamoja na watoto wengine wachache. Hapa desturi yetu ilitushika ulimi. Kwetu mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa, na mgeni hamkatizi mwenye nyumba maneno. Kunyamaza ndiyo heshima. Lakini katika baraza lile kunyamaza husomwa kuwa kukubali. Basi tukasema polepole, kupitia kwa mkalimani, “Twashukuru kwa kazi yenu. Mtoto huyu hesabu za kichwa azijua, na mikono yake ina akili. Kwa nini aondolewe hata katika mambo anayoyaweza?” Sheria iko wazi: mtoto akae pamoja na wenzake kadiri inavyomfaa, na asitengwe ila ikiwa hata kwa msaada hawezi kufanikiwa pale. Tukaomba karatasi ile tuichukue nyumbani tuisome. Hiyo nayo ni haki, maana msaada wa mara ya kwanza hauwezi kuanza pasipo ridhaa ya mzazi. Baada ya siku kumi tulikutana tena. Tulikubaliana kwamba kila siku kwa dakika 45 atafundishwa kusoma katika kikundi kidogo na bibi mwalimu aliyejifunza kazi hiyo, na saa nyingine zote atakaa na wenzake. Na katika mtihani wa sayansi atasomewa maswali.

La tatu, lengo la mwaka liliandikwa hivi: “Ataendelea vizuri zaidi katika kusoma.” Maneno matamu, lakini hayapimiki. Hata akijifunza herufi moja, ameendelea vizuri zaidi. Tukauliza, “Ni kiasi gani, na kufikia lini?” Likaandikwa upya: mwisho wa mwaka asome kwa sauti, katika kitabu cha darasa la pili, maneno 60 kwa dakika moja, makosa yasizidi matano. Hilo hata bibi yake asiyejua kusoma angeweza kulifuata kwa saa ya mkononi.

Tangu siku hiyo twawashauri wenzetu wausome mpango kama mtu asomavyo hati ya deni, kwa maswali manne. Mtoto aweza nini leo? Baada ya mwaka ataweza nini? Nani atamsaidia, siku ngapi kwa juma, dakika ngapi, mahali gani? Na tutajuaje kwamba amefika? Swali moja likikosa jibu, mzazi asitie sahihi upesi. Mahakama ya Juu ya Marekani, tarehe 22 Machi 2017, katika shauri la kijana mmoja mwenye usonji wa Colorado, ilikata maneno haya kwa kauli moja ya mahakimu wote wanane: mpango sharti uwe wa kumwezesha mtoto kuendelea kwa kadiri ya hali yake, kumpa kitu kidogo kilichozidi bure hakutoshi.

Mzazi asiporidhika na vipimo vya shule aweza kuomba vipimo vya mtu mwingine wa nje kwa gharama ya serikali, na shule itatoa au itakwenda kuthibitisha mbele ya mwamuzi kwamba vipimo vyake ni sawa. Pia ziko njia za kupatanishwa na za kusikilizwa shauri. Na katika kila jimbo kuna walau kituo kimoja cha kuwafundisha wazazi mambo haya bure. Waulizeni waalimu wakupeni anwani yake. Juu ya yote, tunzeni karatasi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mtoto ni mali. Mzazi hupewa nakala ya mpango bila malipo. Sisi tuna jalada moja la kijani, na kila barua hulala humo kwa tarehe yake.

Sasa twataka kusema na jamaa zetu wenyewe. Tulipokuwa tukitafuta msaada huu, wengine walitunong'oneza kwamba mtoto wa namna hii ni laana ya nyumba, afichwe. Wengine walituonya tusitie sahihi, wakisema serikali itamchukua, au karatasi ile itamfuata maisha yake yote kama chapa ya ng'ombe. Twaijua hofu hiyo, maana mtu aliyekimbia nchi yake ameona sahihi zikiwaangamiza watu. Lakini mpango huu si hukumu. Baraza huutazama upya walau mara moja kila mwaka, na mtoto hupimwa tena walau kila miaka mitatu, isipokuwa mzazi na shule wamekubaliana kwamba hakuna haja. Habari zake ni siri, na mzazi aweza kuondoa ridhaa yake kwa maandishi. Na kuhusu laana, kijana mwenye kutengeneza redio za mtaa mzima hakulaaniwa. Kuficha ndiko kunakodhuru. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mtaka kujua amefika wapi. Mwaka wa kwanza wa mpango alifikia maneno 41 kwa dakika, wala si 60. Baraza likakutana, likabadili namna ya kumfundisha, likaongeza dakika. Sasa ana miaka 13, na husoma polepole, kidole chini ya neno, vitabu vya watoto waliopungua kwake miaka mitatu au minne. Hajawafikia wenzake, na huenda asiwafikie katika kusoma. Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa mwisho mtamu kuliko kweli. Lakini katika somo la sayansi, asomewapo maswali, hujibu kama wengine, na mara nyingine huwapita. Yale maumivu ya tumbo ya Jumatatu yamekwisha, na hayo kwetu yana thamani kuliko hesabu ya maneno.

Kwenu waalimu mnaofundisha mahali pasipo na mabaraza wala wapimaji, mbele ya darasa la watoto 80, hatusemi mfanye yasiyowezekana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi hatutaki kuupima wenu kwa macho tu. Lakini yale maswali manne hayahitaji fedha. Yaweza kuandikwa juu ya karatasi moja, kwa ajili ya mtoto mmoja yule akaaye nyuma asiyeinua mkono, pamoja na mama yake akiitwa na kupewa kiti. Mwulizeni kwanza ameona nini tangu utoto wake, kisha mwandike.

Na kwenu wazazi: nendeni barazani mmevaa vizuri, mmefika mapema, mkiwa na daftari. Salimuni, shukuruni, kisha ulizeni mpaka mwelewe. Wasalaam.

Ni sisi wazazi wenzenu.